Namba Iliyoanza Kama Neno: Tahakiki ya Safari ya Kitaaluma ya Hans Eysenck na Funzo Lake kwa Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki safari ya kitaaluma ya Hans Jürgen Eysenck (1916–1997), mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uingereza, na ambaye kwa zaidi ya miaka 50 alitafiti nafsi ya mtu na magonjwa ya akili. Tahakiki inajikita katika jambo moja: uhusiano kati ya namba alizozitegemea na maneno yaliyozizaa. Hoja kuu ni kwamba kanuni aliyoitetea Eysenck, kuwa kila dai kuhusu nafsi ya mtu lazima liwe na ushahidi unaoweza kukaguliwa na wengine, ni kanuni sahihi, na ni kanuni hiyo hiyo iliyokuja kubatilisha sehemu ya kazi yake mwenyewe. Makala yanahitimisha kwa kuonesha mambo mawili yanayowahusu wataalamu wa Kiswahili: tafsiri ya hojaji za afya ya akili, na namna wahakiki wanavyotoa hukumu za kisaikolojia juu ya wahusika wa kubuni.

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya na tamthilia za Kiswahili, jina la Sigmund Freud si geni. Nadharia ya uchanganuzi nafsi imetumiwa mara nyingi kueleza kwa nini mhusika fulani anajiua, anamchukia baba yake, au anazungumza peke yake usiku. Dhana ya ung'amuzibwete imezoeleka kiasi kwamba baadhi ya wahakiki huitaja bila kuona haja ya kuithibitisha. Sauti ambayo husikika kwa nadra katika mijadala hiyo ni ya wale waliouliza swali la msingi: ushahidi uko wapi?

Miongoni mwa waliouliza swali hilo kwa ukali zaidi katika karne ya 20 ni Hans Eysenck. Alipofariki mwaka 1997, alikuwa mwanasaikolojia aliye hai aliyenukuliwa zaidi katika majarida ya kitaaluma. Miaka 22 baadaye, chuo kikuu kilichorithi taasisi aliyoitumikia kilitangaza kwamba makala 26 kati ya yale aliyoshiriki kuyaandika hayakuwa ya kuaminika. Mtu huyu hawezi kuhakikiwa kwa sifa tupu wala kwa lawama tupu. Anapaswa kuhakikiwa kwa kipimo alichokitengeneza mwenyewe, na ndivyo makala haya yanavyokusudia kufanya.

2.0 Kutoka Berlin hadi London

Eysenck alizaliwa Berlin tarehe 4 Machi 1916. Wazazi wake wote wawili walikuwa waigizaji. Mama yake alijulikana katika filamu zisizo na sauti kwa jina la Helga Molander. Wazazi walipotengana, mtoto alilelewa na bibi yake mzaa mama, ambaye baadaye alifia katika kambi ya mateso ya Wanazi. Eysenck mwenyewe aliondoka Ujerumani mwaka 1934, akiwa kijana aliyekataa kujiunga na utawala wa Hitler ili apate nafasi ya kusoma chuo kikuu.

Alipofika London alitaka kusoma fizikia. Masomo aliyokuwa nayo hayakukidhi masharti ya udahili, hivyo akaingia saikolojia kwa kukosa mlango mwingine. Aliipata shahada ya uzamivu mwaka 1940 chini ya Cyril Burt, mtaalamu wa upimaji wa akili kwa takwimu. Wasifu wa Eysenck unapotazamwa kwa jumla, jambo hili linaonekana kuwa na uzito kuliko bahati mbaya ya udahili. Kijana aliyenyimwa fizikia aliichukua saikolojia na kuidai iwe fizikia. Hakuridhika na maelezo ya kuvutia juu ya moyo wa mtu; alitaka vipimo, milinganyo na utabiri.

Vita Kuu ya Pili ilimpa nafasi. Kwa kuwa alikuwa Mjerumani kwa kuzaliwa, milango mingi ya utumishi ilifungwa mbele yake, lakini mwaka 1942 aliajiriwa katika hospitali ya dharura ya Mill Hill, ambako sehemu ya hospitali ya magonjwa ya akili ya Maudsley ilikuwa imehamishiwa. Baada ya vita aliongoza idara ya saikolojia katika Taasisi ya Tiba ya Magonjwa ya Akili iliyoambatana na Maudsley, akawa profesa mwaka 1955, na akastaafu mwaka 1983. Hakuwa daktari. Alikuwa mpimaji miongoni mwa madaktari, na sehemu kubwa ya ugomvi wake na taaluma ya tiba ilitokana na tofauti hiyo.

3.0 Mstari badala ya visanduku

Mchango wake wa kwanza mkubwa ulitokana na wanajeshi 700 waliolazwa Mill Hill kwa matatizo ya neva. Katika makala ya mwaka 1944, na kisha katika kitabu Dimensions of Personality cha mwaka 1947, alichukua kumbukumbu ambazo madaktari walikuwa wameziandika kuhusu kila mgonjwa, akazifanyia uchanganuzi wa fakta. Mbinu hii ya takwimu hutafuta sifa zinazoelekea kuandamana: ikiwa walio na sifa ya kwanza mara nyingi wana pia ya pili na ya tatu, basi huenda nyuma ya sifa hizo tatu kuna jambo moja.

Kutokana na uchanganuzi huo Eysenck alipendekeza mihimili miwili ya nafsi. Mhimili wa kwanza unaanzia kwenye ukunjufu, yaani kuelekea kwa watu na msisimko wa nje, na kuishia kwenye ukimya wa mtu anayejitosheleza kwa mawazo yake. Wa pili unapima wahaka: wepesi wa mtu kuhangaika, kukosa usingizi na kubadilikabadilika hisia. Baadaye aliongeza mhimili wa tatu, alioukusudia upime mwelekeo wa mtu kuikaribia saikosi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisi. Mihimili yote mitatu ilijumuishwa katika hojaji aliyoichapisha pamoja na mkewe, Sybil Eysenck, mwaka 1975.

Ubora wa wazo hili haumo katika idadi ya mihimili, kwa kuwa watafiti waliofuata wametofautiana nayo. Umo katika neno mhimili lenyewe. Tiba ya wakati huo ilizoea kugawa watu katika visanduku: huyu mgonjwa, yule mzima; huyu ana ugonjwa huu, yule ana ule. Eysenck alisema kwamba aliyelazwa Maudsley na jirani yake aliyebaki nyumbani wako kwenye mstari mmoja, na kwamba wanatofautiana kwa kiasi tu, kwa maana wote ni watu wa aina moja. Leo mtazamo huo umeingia katika miongozo rasmi. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 haugawi tena matatizo ya nafsi katika orodha ya aina zilizotenganishwa kama zamani. Huanza kwa kuuliza tatizo ni kubwa kiasi gani. Mabadiliko hayo yana wazazi wengi, lakini Eysenck ni miongoni mwa waliotangulia kuyadai.

Hata hivyo, hapa ndipo swali la tahakiki hii linapoanza. Namba za mwaka 1944 hazikutoka katika damu wala katika uzito wa ubongo. Zilitoka katika maneno. Daktari aliyemtazama askari na kuandika kwamba ni tegemezi, au kwamba hana ari, alikwisha kumhukumu kabla takwimu hazijaanza kazi. Uchanganuzi wa fakta unaweza kuonesha kwamba maneno mawili huandamana. Hauwezi kuonesha kama yanaandamana ndani ya wagonjwa au ndani ya mazoea ya waandishi wa kumbukumbu.

4.0 Swali la mwaka 1952

Mwaka 1952 Eysenck alichapisha makala mafupi kuhusu matokeo ya tiba ya kisaikolojia. Ni vigumu kutaja makala mengine ya kurasa chache yaliyoitikisa taaluma hiyo kiasi hicho. Alikusanya ripoti zilizohusu zaidi ya wagonjwa 7,000, akalinganisha viwango vya kupata nafuu. Kwa hesabu yake, waliotibiwa kwa uchanganuzi nafsi walipata nafuu kwa asilimia 44. Waliotibiwa kwa mbinu mchanganyiko, asilimia 64. Na waliopata uangalizi wa kawaida wa hospitali au wa daktari wa mtaani, asilimia 72. Alihitimisha kwamba takwimu hizo hazithibitishi kuwa tiba ya mazungumzo inamsaidia mgonjwa, kwa sababu takribani theluthi mbili ya watu hupata nafuu ndani ya miaka miwili hata bila tiba hiyo.

Kwa wafuasi wa Freud lilikuwa pigo. Kwa miongo mitano walikuwa wamesimulia habari za wagonjwa mmoja mmoja waliopona baada ya siri ya utotoni kufichuliwa. Eysenck aliwauliza jambo ambalo mkulima yeyote angeuliza kuhusu mbolea mpya: shamba lisilotiwa mbolea limezaa kiasi gani? Bila kundi la ulinganisho, simulizi ya kupona hubaki simulizi.

Swali lilikuwa la haki. Jibu lake halikuwa imara kama alivyolitangaza. Asilimia 44 ilipatikana kwa kuwahesabu wagonjwa walioacha tiba katikati kama watu ambao tiba iliwashinda. Wakiondolewa, kama makala yenyewe yalivyokiri, kiwango hupanda hadi asilimia 66 hivi, sawa na ile mbinu mchanganyiko. Kwa upande wa pili, sehemu ya kundi la ulinganisho ilikuwa watu 500 waliodai fidia ya bima kwa kushindwa kufanya kazi, na ambao kupona kwao kulipimwa kwa kurudi kazini. Kwa maneno mengine, neno kupona halikuwa na maana moja pande zote mbili. Kwa mchanganuzi nafsi, kupona kulikuwa mabadiliko ya ndani baada ya miaka. Kwa kampuni ya bima, kupona kulikuwa mtu kuacha kudai. Asilimia zilizopangwa sambamba katika jedwali zilipima vitu viwili vilivyobeba jina moja.

Swali lenyewe, hata hivyo, lilizaa matunda. Watafiti walilazimika kufanya majaribio yenye makundi ya ulinganisho, na mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass walichapisha muhtasari wa tafiti 375 uliokadiria kwamba mtu wa wastani aliyepata tiba alikuwa na hali bora kuliko asilimia 75 ya wasioipata. Eysenck hakukubali. Lakini mtu anayedai ushahidi hana haki ya kuchagua jibu ambalo ushahidi huo utaleta. Thamani ya makala ya 1952 ni kwamba yaliuliza kwa namna iliyowezesha wengine kuyakosoa. Jambo hilo haliwezi kusemwa juu ya kila alichoandika baadaye.

5.0 Msumeno hukata mbele na nyuma

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kuanzia miaka ya 1970 kanuni ya Eysenck ilianza kukata upande wake.

Mwaka 1971 alichapisha kitabu kuhusu rangi, akili na elimu, akiunga mkono maoni kwamba sehemu ya tofauti ya alama za vipimo vya akili kati ya Wamarekani weusi na weupe huenda inatokana na urithi wa kibaiolojia. Mwaka 1973 alishambuliwa jukwaani alipokuwa akitaka kuhutubia London School of Economics. Ngumi si hoja, na waliomshambulia hawakuthibitisha kosa lolote katika kitabu chake. Lakini kosa lilikuwepo, nalo lilikuwa la aina ile ile aliyowashutumu wafuasi wa Freud: alirukia maelezo aliyoyapendelea kabla maelezo mengine hayajaondolewa. Alama za watoto waliosoma shule duni, katika nchi iliyowatenga wazazi wao kisheria, haziwezi kulinganishwa na alama za wengine kana kwamba mazingira yamesawazishwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuwa makini hapa. Miaka michache kabla ya uhuru, J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alifananisha utendaji wa akili ya Mwafrika na ule wa Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau iliyotumikia serikali ya kikoloni. Carothers na Eysenck walikuwa watu tofauti wenye mbinu tofauti. Wa kwanza alitegemea zaidi uzoefu wa wodini, wa pili takwimu. Kilichowaunganisha ni hatari moja: sifa iliyopatikana kwa watu wachache, katika mazingira ya shida, kugeuzwa kuwa maumbile ya umma mzima. Jirani wa Mathari anajua gharama ya kosa hilo.

Pigo kubwa zaidi kwa sifa yake lilitokana na utafiti kuhusu nafsi na saratani. Katika miaka ya 1980 na 1990, Eysenck alishirikiana na Ronald Grossarth-Maticek, mtafiti aliyefanya kazi Yugoslavia na Heidelberg. Pamoja walidai kwamba watu wa nafsi ya aina fulani, wanaozimeza hisia zao na kukata tamaa, hufa kwa saratani kwa viwango vikubwa mno kuliko wengine, na kwamba ushauri wa muda mfupi, au hata maandishi ya mafunzo ya kujisomea, ungeweza kupunguza vifo hivyo kwa kiasi cha kustaajabisha. Wakati huo huo Eysenck alikuwa akipokea fedha za utafiti kutoka sekta ya tumbaku, ambayo ilikuwa na kila sababu ya kufurahia kuambiwa kwamba nafsi inaua kuliko sigara.

Wakosoaji walianza mapema. Mwaka 1992 Anthony Pelosi na Louis Appleby walihoji matokeo hayo katika jarida la kitabibu la Uingereza, lakini hakuna taasisi iliyochukua hatua. Pelosi alirudi tena mwaka 2019, na mwaka huo King's College London ikaamua kwamba makala 26 ya ushirikiano huo hayakuwa salama kutegemewa. Mwaka 2020 majarida yalianza kuyaondoa rasmi baadhi ya makala hayo na kuyawekea mengine tahadhari.

Ulinganisho na mwaka 1952 unahuzunisha. Mtu aliyekataa kuamini kwamba miaka ya mazungumzo na mchanganuzi nafsi inaponya wasiwasi, alikubali kuamini kwamba maandishi ya kujisomea yanazuia saratani. Kilichobadilika si kanuni. Ni mkono ulioishika. Dai lilipotoka kwa mpinzani, Eysenck aliomba kundi la ulinganisho. Lilipotoka kwa mshirika, alitosheka na jedwali. Na waliotishiwa na kosa hilo hawakuwa wanazuoni pekee: mvutaji aliyeambiwa kwamba hatari kuu imo katika nafsi yake, na mgonjwa wa saratani aliyeelezwa kwamba tabia yake ndiyo iliyomfikisha hapo, walibebeshwa mzigo usio wao.

6.0 Hojaji ikifika Kiswahili

Hojaji za Eysenck zilisafiri. Katika miaka ya 1970 zilijaribiwa kwa wanafunzi nchini Uganda na kwa washiriki nchini Nigeria, na baadaye zikatafsiriwa katika lugha nyingi za dunia. Leo hojaji za namna hiyo, hasa zinazopima sonona na wasiwasi, zinatumika kwa Kiswahili katika tafiti na katika vituo vya afya vya ukanda huu. Kwa hiyo swali la namba na neno si la London pekee.

Chukua swali linalomtaka mtu aseme kama yeye ni mzungumzaji. Katika Kiingereza cha hojaji, jibu la ndiyo humsogeza mtu kuelekea ukunjufu, na haliaibishi. Mfasiri wa Kiswahili ana njia kadhaa, na kila moja inapeleka alama mahali pake. Akisema mchangamfu, ameuliza kuhusu wema, na wengi watakubali. Akisema mtu wa maneno mengi, ameuliza kuhusu umbea, na wengi watakana. Akisema msemaji, amemfanya mjibu afikirie ufasaha wa hadhara. Mtu yule yule atakuwa mkunjufu katika tafsiri moja na mkimya katika nyingine.

Chukua pia swali la deni. Katika mhimili wa tatu, mtu asiyesumbuliwa na kuwa na deni husogezwa kidogo kuelekea saikosi. Lakini jamii yenye methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga imekwisha kutambua kwamba furaha ya mkopaji ni ya watu wote, na huzuni ya kulipa vilevile. Mchuuzi anayeishi kwa kukopa asubuhi na kulipa jioni anaweza kujibu kwamba deni halimsumbui kwa sababu deni ndilo mtaji wake, wala si kwa sababu dhamiri yake imelegea.

Mfano wa tatu unahusu swali la kama mtu, alipokuwa mtoto, aliwahi kuwajibu wazazi wake kwa utovu wa adabu. Swali hili lilikusudiwa kumnasa mjibu anayejipamba: inadhaniwa kwamba kila mtoto amewahi kufanya hivyo, na anayekana anajitakasa. Mahali ambapo kuwajibu wazazi ni kosa la heshima, na kulikiri mbele ya mgeni mwenye karatasi ni kosa la pili, kukana si lazima kuwe uongo. Huenda ni adabu.

Hata neno la kawaida kama mawazo linahitaji uangalifu. Mtu akisema kwa Kiswahili kwamba fulani ana mawazo, hasemi kwamba fulani ni mwanafalsafa; anasema ana huzuni au jambo linamkera. Mfasiri asiyeliona hili anaweza kuuliza kuhusu fikra na kupokea majibu kuhusu majonzi. Na wazimu, neno lenye undugu na mzimu na kuzimu, linabeba ndani yake nadharia nzima ya chanzo cha maradhi kabla daktari hajafungua mdomo.

Mifano hii haioneshi kwamba upimaji hauwezekani kwa Kiswahili. Inaonesha kwamba kazi ya kwanza ya upimaji ni kazi ya isimu. Mwanasaikolojia anayempa mfasiri hojaji ili airudishe baada ya wiki moja amekabidhi nusu ya utafiti wake kwa mtu asiyemlipa kama mtafiti.

7.0 Mhusika kitandani pa mchanganuzi

Funzo la pili linawahusu wahakiki wa fasihi. Katika riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayerudi Ukerewe, akajikuta amefarakana na kijiji, na jamaa, na maana yenyewe ya kuishi. Mwishowe anajiua. Ni rahisi kumlaza Kazimoto kwenye kitanda cha Freud na kusema kwamba ung'amuzibwete umemshinda. Ni rahisi vilevile kumwekea alama za Eysenck: wahaka mwingi, ukunjufu haba.

Hukumu zote mbili zina udhaifu mmoja. Kazimoto hana utoto nje ya kurasa alizopewa, wala hawezi kujaza hojaji. Ana maneno tu. Mhakiki anayeeleza kifo chake kwa siri ya utotoni ambayo matini hayaitaji, amefanya kile kile Eysenck alichowalaumu wafuasi wa Freud: ametunga nadharia isiyoweza kushindwa. Kila tendo la mhusika huithibitisha. Akimpenda mama, imethibitika. Akimchukia, imethibitika kwa njia ya kinyume. Nadharia ya aina hiyo haijasoma riwaya. Imejisoma yenyewe.

Kanuni ya 1952 inaweza kuingizwa katika uhakiki bila kubeba takwimu zake. Inatosha mhakiki ajiulize: ni jambo gani katika matini haya ambalo, kama lingekuwapo, lingenilazimisha niiache fasiri yangu? Asipopata jibu, fasiri yake bado haijaanza kazi. Wazo la mstari nalo lina manufaa. Mhusika anayeonekana kuchanganyikiwa si lazima awekwe katika kisanduku cha kichaa ili aeleweke. Anaweza kusomwa kama mtu aliyesogea hatua kadhaa mbele kwenye njia ambayo majirani zake nao wamo.

Lakini Eysenck peke yake hatoshi, na jina la riwaya linaonesha sababu. Kichwamaji ni tusi la mtaani kwa asiye na akili timamu. Ni pia maradhi, kwa kuwa katika riwaya hiyo yumo mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Ni sitiari vilevile ya kizazi cha wasomi kilichojazwa elimu isiyokipatia mahali pa kusimama. Tusi, utambuzi wa maradhi na sitiari vimo katika neno moja kwa wakati mmoja. Kipimo kinachohitaji kila neno liwe na maana moja lazima kilipasue neno hilo vipande. Fasihi hufanya kazi yake kwa kuliacha zima.

8.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonesha kwamba safari ya Hans Eysenck ina sehemu mbili zisizoweza kutenganishwa. Alisogeza mbele taaluma ya nafsi na magonjwa ya akili alipodai mstari badala ya visanduku na ushahidi badala ya simulizi. Aliirudisha nyuma alipoacha kudai ushahidi huo kwa washirika wake na kwa hitimisho alizozipendelea. Aliyemwangusha hatimaye si Freud wala mwanafunzi mwenye ngumi. Ni wakaguzi waliomsoma kwa namna alivyowafundisha watu kusoma.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, mambo mawili yanapendekezwa. La kwanza ni kwamba tafsiri ya hojaji za afya ya akili ifanywe na timu zenye wanaisimu tangu mwanzo, na kwamba kila swali lijaribiwe kwa kuwauliza wajibu wameelewa nini, kabla ya kuhesabu wamejibu nini. La pili ni kwamba vyuo vinavyofundisha nadharia ya uchanganuzi nafsi katika kozi za uhakiki vifundishe pia hoja za waliopinga nadharia hiyo, pamoja na makosa ya wapingaji hao. Mwanafunzi anayepewa Freud bila Eysenck hujifunza kuamini. Anayepewa Eysenck bila mwaka 2019 hujifunza kudharau. Anayepewa yote huanza kuhakiki.

Mgonjwa wa Maudsley, mgonjwa wa Mathari, mchuuzi mwenye deni na Kazimoto wa Ukerewe wana dai moja juu ya wanaowaandika: wasihukumiwe kwa neno ambalo mwandishi hakulichunguza. Namba huja baadaye, nayo haiwezi kuwa ya kweli kuliko neno iliyotoka ndani yake.